Njia ya Pili ya Kilimani

Katika kile kituo cha redio hakuna aliyemwita fundi mkuu kwa jina lake. Aliitwa Waya, na wafanyakazi wapya walichukua muda kujua kwamba hilo si jina alilopewa na wazazi. Hata kwenye mlango wa chumba chake, chumba chembamba kilichobanwa kati ya studio na choo, mtangazaji mmoja alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Waya. Gonga kwanza. Usiguse kitu."

Jina lilitoka mbali. Alipomaliza sekondari aliajiriwa pale kupokea simu. Siku hizo sauti ilitoka studio, mjini, ikapanda hadi kwenye mtambo wa kurushia matangazo, kilimani, kwa kupitia waya wa simu wa kukodi. Watu wengi hudhani redio hurushwa pale pale alipoketi mtangazaji. Sivyo. Mtangazaji yuko mjini, kwenye chumba chenye godoro ukutani la kuzuia mwangwi, na mnara uko mbali, juu kabisa, mahali ambapo mapaa ya mji yanaonekana kama vifuniko vya sufuria vilivyoanikwa juani. Kati ya kinywa chake na mnara kuna safari. Kila mtu aliyechimba mtaro njiani, awe wa maji taka au wa msingi wa nyumba, aliukata ule waya, na kituo kikawa bubu.

Fundi wa wakati huo alikuwa na magoti mabovu. Akamtuma yule msichana wa simu afuate nguzo moja baada ya nyingine atafute ulipokatika. Msichana akawa kiguu na njia. Mara nyingi alipaona palipokatika, akapaunga na kufunga utepe, kabla watu wa kampuni ya simu hawajamaliza chai. Ndipo akaanza kuitwa Waya, kwanza kwa utani, halafu kwa heshima. Yule fundi alipostaafu alimwachia kisanduku cha vifaa na maneno machache. Mtambo ukizima, alisema, watu watalaumu umeme. Sauti isipofika, watakulaumu wewe, na watakuwa hawajakosea.

Waya wa simu ulikuja kuondolewa. Badala yake yakafungwa madishi mawili madogo yanayotazamana, moja juu ya paa la studio, jingine kwenye mnara kilimani. Dishi la mjini linatuma, la kilimani linapokea, na kati yao hakuna kitu ila hewa. Sharti lake ni moja tu: yaonane. Kikipita kitu katikati, sauti inakufa. Kwa miaka mingi hakikupita kitu, na Waya akazeeka kidogo, akaolewa na seremala, akapata watoto, akapata na mama mkwe.

Huyo mama mkwe ndiye aliyekuwa msikilizaji namba moja wa kituo. Miguu ilikuwa imemkataa, hivyo alishinda kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha la nyuma, akitazama kamba ya nguo uani, redio ndogo ikiwa mapajani kama mjukuu. Aliijua sauti ya kila mtangazaji, akajua nani ameamka na mafua na nani amegombana na mkewe. Aliwajua hata watu wa matangazo ya biashara. Na alikuwa na ulimi. Waya alimwita Mama, naye akamwita mkwe, na kati yao kulikuwa na upendo wa aina ile inayopitia kwenye kuchokozana.

Tatizo lilianza na simu yake.

"Mkwe," alisema, "mmenyamaza."

Waya alikuwa ameketi hatua mbili kutoka studio. Alimsikia mtangazaji kwa masikio yake, anaongea bila kupumua. Akamwambia Mama kwamba labda betri zimeisha. Mama akajibu kwamba betri zikiisha redio huzima na taa yake, na taa ilikuwa inawaka. Tena, alisema, mtambo ukizima redio inatoa mvumo, shiii, kama mchele unamwagwa. Huu haukuwa mvumo. Kilikuwa kimya chenyewe, laini, kama mtu amefungua mdomo akasahau la kusema.

Waya alinyanyuka kwenye kiti. Bibi huyu, bila kujua, alikuwa amempa jibu la nusu ya swali. Mvumo maana yake mtambo umezima. Kimya maana yake mtambo uko hai lakini haupelekewi kitu. Sauti ilikuwa inapotea njiani. Alipoigeukia mitambo yake kuangalia, kila kitu kilikuwa kimesharudi.

Kimya kikaja tena kesho yake, na keshokutwa yake, alasiri alasiri, dakika chache hapa, chache pale. Na hapa inabidi nieleze kwa nini hakuna mwingine kituoni aliyegundua. Ile mitambo mipya ya madishi huikata sauti vipande, huifunga, huisafirisha na kuifungua kilimani, na kazi hiyo huchukua kitambo kidogo. Mtangazaji akijisikiliza kutoka hewani anajisikia akitamka neno alilokwisha kulimaliza, na ulimi unajikwaa. Mtangazaji wa asubuhi, ambaye wote walimwita Kasuku, aliwahi kujikwaa hivyo mpaka akamuaga mgeni kabla hajamkaribisha. Tangu siku hiyo watangazaji wote walijisikiliza kutoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, yaani kabla safari haijaanza. Kwa maneno mengine, katika jengo zima la redio hakuna aliyekuwa akisikiliza redio. Wangeweza kuongea peke yao hadi jioni, wakacheka, wakapongezana.

Waliogundua walikuwa wenye matangazo ya biashara. Mwenye duka la magodoro alikuwa amelipia tangazo la alasiri, akakusanya ukoo wake mzima walisikie, wakasikia kimya.

Mkurugenzi aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Alikuwa ndiye mwenye kituo, mtu mnene, mpole, aliyekianzisha kwa meza moja na kipaza sauti cha kuazima. Siku hiyo hakuwa na utani. Alisema kuna kituo kikubwa cha mbali kinataka kununua masafa yake na mnara wake. Studio hawaitaki. Vipindi vitatoka huko kwao, kilimani patabaki mashine tu, na jengo hili litafungwa. Amekuwa akiwakataa. Lakini wiki ijayo timu ya mji inacheza fainali ya kupanda daraja, kituo kitatangaza moja kwa moja, na wenye biashara wote wamesema watasikiliza. Mwakilishi wa kituo kikubwa naye atakuja, asikilize hapa hapa kituoni.

"Sauti ikikatika siku hiyo," alisema, "nitatia sahihi. Sitakuwa na uso wa kukataa tena."

Hakumtazama Waya aliposema hivyo. Hakuwa na haja.

Waya aliingia kazini. Alibadilisha nyaya za paani, akabadilisha viungio, akapanda kilimani kwa gari la kituo na kukagua betri na kila kisanduku, huku mlinzi wa mnara akimshikia tochi. Kila alipopanda, sauti ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Kila alipoteremka, Mama alipiga simu.

Ndipo alipomgeukia mwalimu mstaafu. Huyu alikaa nusu ya njia, kwenye mwinuko, na uani kwake palikuwa na mkaratusi mrefu sana. Waya aliutazama kutoka paani akaona kilele chake kinakaribia kabisa njia ya madishi. Akaenda kumsihi. Mwalimu aliupenda mti ule. Lakini alikuwa msikilizaji wa taarifa ya habari, akakubali, akalipa watu, ukakatwa kichwa. Kesho yake alasiri kituo kikanyamaza kama kawaida. Tangu hapo kila walipokutana sokoni mwalimu alivua kofia na kumwuliza, kwa adabu ileile ya darasani, kama mti wake bado unawasumbua. Waya alitamani ardhi ipasuke.

Zilipobaki siku mbili kabla ya fainali, alirudi nyumbani mapema, amechoka hata kusalimia ni kazi. Mama alikuwa dirishani. Nje, nguo zilikuwa chini, shuka limelala kwenye vumbi.

Waya alitoka kuziokota, na kwa kuwa hasira ilikuwa karibu, aliuliza kwa nini hakuna aliyezibana vizuri. Mama alimjibu taratibu kwamba zilibanwa na mwanawe mwenyewe, seremala, na kama seremala hawezi kubana kitu, wa kulaumiwa ni aliyemzaa. Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea:

"Huwa zinaanguka wakati mnaponyamaza. Mimi siku hizi hata sishtuki. Nguo zikianguka najua nizime redio nipumzike."

Waya alisimama na shuka mkononi.

"Mama, sema tena."

"Nguo zikianguka, mnanyamaza. Mnanyamaza, nguo zinaanguka. Unafikiri kwa nini nakaa hapa? Ndiyo sinema yangu."

Upepo. Alasiri ndio muda wa upepo. Kilimani alikuwa anapanda asubuhi, kumetulia. Paani pia alikuwa anapanda asubuhi, kwa sababu ngazi ya kwenda paani ni ya chuma, imeegemea ukuta wa nje, na hakuna mwenye akili timamu anayeipanda upepo ukivuma. Kwa hiyo wakati wote alikuwa anamkagua mgonjwa saa ambazo haumwi.

Kesho yake aliusubiri upepo kama mtu anayemsubiri mdeni. Ulipoanza kupeperusha karatasi barabarani, alijifunga kitambaa kichwani, akafunga sketi kwa kamba kiunoni, akapanda ile ngazi ameikumbatia kama ndugu. Alipotoa kichwa juu ya ukingo wa paa, aliona.

Kulikuwa na bango. Walilisimamisha wenyewe, kituo kilipotimiza miaka yake ishirini. Bango la bati lenye jina la kituo kwa rangi nyekundu, limefungwa ubavuni mwa nguzo moja kama bendera, likitazama barabara kuu. Wote walilipigia makofi. Waya mwenyewe ndiye aliyeishika ngazi, akahakikisha limekaa pembeni ya dishi, si mbele yake. Sasa vibano vyake vilikuwa vimelegea. Upepo ulilisukuma, likazunguka kwenye nguzo kama mlango kwenye bawaba, likaja kusimama mbele ya dishi, pua kwa pua. Upepo ulipotulia, likarudi pembeni polepole, likatulia kama halijafanya kitu. Kilichokuwa kikilirudisha ni ukanda mweusi uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, umefungwa kwa ustadi kwenye kona ya bango.

Kituo chao kilikuwa kinajiziba mdomo kwa jina lake chenyewe.

Waya alishuka akamwita Kasuku, akamwuliza juu ya ule ukanda. Kasuku alijivuna kidogo kabla hajajua kinachoendelea. Ndiyo, ni yeye. Vibano vilipolegea bango lilianza kugonga nguzo, ngo, ngo, na studio iko chini yake pale pale. Mlio ulikuwa unaingia kwenye kipaza sauti. Msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza kama wanatangazia gereji. Basi akalifunga kwa mpira, likaacha kugonga. Halikugonga tena hata siku moja.

"Kweli halikugonga," alisema Waya. "Umetuondolea kelele zote, mwanangu. Na zetu wenyewe."

Kasuku alipoelewa, uso ulimshuka. Waya alimhurumia. Ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote duniani ila mtu wa redio, mtu ambaye mlio mdogo kwenye kipaza sauti unamnyima usingizi.

Walidhani mambo yamekwisha. Walikwenda kwa Mkurugenzi wakamweleza kwa mapana na marefu, wakaomba bango literemshwe. Mkurugenzi alishika kichwa, akacheka kwa uchungu, halafu akakataa. Wageni wanakuja kesho, alisema. Huyo mwakilishi anakuja. Mtu anafika kuangalia kama kituo kina uhai, anakuta nguzo tupu bila jina, ataona tumeshafungasha virago. Likazwe kwa boliti mpya na waya mnene, na baada ya fainali literemshwe. Waya alijenga hoja, akaibomoa, akaijenga upya. Bosi hakuambilika. Bango likakazwa. Kasuku mwenyewe alikaza boliti, akavuta waya wa chuma hadi mikono ikamchubuka.

Lakini Waya alikuwa ameliona bango likizunguka, na kitu ukishakiona hivyo hukiamini tena. Akarudi na ombi jingine. Kwa muda mrefu alikuwa anataka njia ya pili. Stoo kulikuwa na mashine za akiba zilizonunuliwa na hazijawahi kufunguliwa. Alitaka kila neno lipelekwe kilimani mara mbili kwa wakati mmoja: mara moja kwa madishi, mara moja kwa intaneti ya simu. Kule juu, kipokezi kitasikiliza zote mbili, na yoyote itakayofika nzima ndiyo itakayotoka hewani. Ikianguka moja, nyingine inaendelea bila kukohoa.

Kulikuwa na gharama yake, naye hakuificha. Intaneti ya simu huenda kwa kusuasua. Ili isiachwe nyuma, kilimani lazima isubiriwe. Matangazo yatachelewa sekunde kadhaa nyuma ya mpira wenyewe.

Mkurugenzi alikunja uso. Mashabiki huenda uwanjani na redio zao, alisema. Wataliona bao, halafu ndipo watalisikia. Watatucheka.

"Aliye uwanjani ana macho yake, bosi," alijibu Waya. "Mimi nafanya kazi ya yule aliye nyumbani. Yeye ukimchelewesha hajui. Ukimnyamazia, anajua."

Mkurugenzi alichezea miwani yake. Nadhani alikuwa anamfikiria mtu wake mwenyewe aliye nyumbani. Kila mtu anaye mmoja. Akamwambia afanye.

Siku hiyo hiyo alipanda kilimani na mashine mapajani. Alifunga, akaunganisha, akateremka, kisha kutoka studio akampigia simu mlinzi wa mnara amwambie achomoe waya wa dishi. Kwenye simu nyingine alikuwa na Mama.

"Kumekatika," alisema Mama. "Kidogo. Kama mtu amemeza mate."

Maana yake ile njia ya pili ilikuwa inafika imechelewa. Waya akaongeza muda wa kusubiri, akasema tena, chomoa. Akamwuliza Mama amesikia nini.

"Nimesikia mwanamke anasoma bei za sokoni. Ulitaka nisikie nini?"

"Hicho hicho, Mama."

Akamwambia mlinzi arudishe waya. Jaribio lilifaulu, lakini moyo wake haukutulia. Leo ni siku ya kawaida, alijiambia. Kesho mji mzima utakuwa na simu mkononi, wote wanapigiana, wote wanatumiana picha, na njia yake ya pili itakuwa inapita humo humo, katikati ya msongamano.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja la mwisho. Alitundika redio ya kawaida kwenye ukumbi mwembamba nje ya studio, akaiweka kwenye masafa yao. Sasa jengo la redio lilikuwa na redio.

Siku ya fainali wageni walijaa ukumbini. Mwenye magodoro alikuwepo. Mwakilishi wa kituo kikubwa alikuwepo pia, mwanamke mwenye sauti ya chini na saa nzuri, mstaarabu kabisa, aliyekunywa soda yake bila kumdharau mtu. Kasuku alikuwa uwanjani na kipaza sauti. Sauti yake ilifika studio kwanza, ikasikika kupitia mlango ulioachwa wazi, halafu baada ya kitambo ikatoka kwenye redio ya ukumbini, maneno yale yale, kana kwamba mtu anamwigiza. Wageni waliona ni kichekesho. Waya aliwaeleza kwamba ile ya pili ndiyo ya kweli, ndiyo inayosikika majumbani.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili kilipoanza, mbingu ikageuka rangi. Upepo haukuja kama upepo wa alasiri. Ulikuja na mvua ubavuni. Kasuku alisema wachezaji hawaonekani vizuri. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Waya alikuwa chumbani kwake, macho kwenye taa mbili ndogo za kijani, moja ya dishi, moja ya simu.

Ngo!

Mlio ulitoka juu ya vichwa vyao, wa bati zito. Ukafuatiwa na mkwaruzo mrefu wa waya uliokatika. Kila mfanyakazi aliyekuwa ndani ya jengo lile alijua ni nini. Msomaji wa habari alishika mdomo. Mkurugenzi aligeuka rangi ya majivu, akakodolea macho ile redio ukutani.

Chumbani kwa Waya taa ya dishi iliwaka nyekundu.

Ya simu ilibaki kijani.

Hakuiamini. Alitoka, akasimama kwenye mlango wa ukumbi, mikono imeshikana. Redio ukutani ilikuwa inaongea. Kasuku alikuwa anaeleza juu ya mpira wa kona, mvua inavyompiga usoni, mlinda mlango anavyojifuta macho. Hakukwama. Hakumeza hata mate. Walisubiri, maana wote walijua sauti inachelewa, na huenda kimya nacho kimechelewa. Kikapita kitambo hicho, na kingine, na kingine. Kasuku aliendelea tu, kama mtu asiyejua kwamba barabara aliyokuwa anapita imeporomoka nyuma yake.

"Bado?" aliuliza Mkurugenzi kwa midomo tu.

"Tuko hewani," alisema Waya.

Wakati huo huo, kupitia mlango wa studio, sauti ya Kasuku ilipasuka. Timu yao imefunga. Walio studio waliruka viti. Ukumbini wageni walianza kunyanyuka, lakini Waya aliinua mkono. Hakuwahi kuwaamuru watu wengi hivyo maishani mwake.

"Subirini."

Wakasubiri, mikono hewani, vinywa nusu wazi. Na redio ukutani ikafunga bao. Sauti ilikuwa nzima, kubwa, na kelele za uwanja zote ndani yake. Nje, kutoka kila dirisha la mtaa na kila duka, mji ukapiga ukelele mmoja. Ukumbini watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Mwenye magodoro alimbeba msomaji wa habari juu juu. Waya aliegemea ukuta, akacheka hadi machozi yakamtoka, na kama ungemwuliza alishangilia nini asingekutajia mpira.

Timu ilishinda kwa bao hilo hilo. Mwakilishi wa kituo kikubwa alimwuliza Waya ule mlio wa juu ulikuwa nini, naye akamweleza bila kuficha. Yule mwanamke aliinua uso akatazama dari, kisha redio, akasema kwao wana mafundi wengi lakini angependa awe na mmoja anayeogopa mapema kama huyu. Mkurugenzi alimsindikiza hadi mlangoni, na pale mlangoni wote walimsikia akisema hapana. Alilisema vizuri, kwa shukrani. Kisha akarudi ndani akaomba spana.

Mvua ilipopungua alipanda ngazi mwenyewe, na unene wake wote, Kasuku aliyelowa chapa akiwa ameishika chini. Bango lilikuwa limesimama mbele ya dishi, waya wake unaning'inia. Alilifungua boliti moja baada ya nyingine, akaliteremsha. Sasa liko ukumbini, chini ya ile redio, ambako watu hulitumia kama ubao wa kubandikia ratiba.

Waya alirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Njiani mwalimu mstaafu alikuwa amesimama langoni kwake, akavua kofia. Waya alimwahi kabla hajauliza, akamwambia ukweli wote: mti haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kwao, na mvua hii ni ya kupanda miche, ataleta mwenyewe. Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema miwili.

Alipofika nyumbani, kamba ya nguo uani ilikuwa imekatika kabisa. Nguo zote zilikuwa matopeni, hata godoro dogo la kiti. Mama alikuwa dirishani na redio mapajani.

"Mkwe, umeona?" alisema. "Hakikubaki kitu. Hata leso."

"Na redio, Mama?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Redio imefanya nini? Sikusikia chochote, nilikuwa nasikiliza mpira."

Waya alivua viatu, akaingia matopeni kuokota nguo, akicheka peke yake, shuka moja baada ya jingine, hadi Mama akauliza kwa sauti kama kuna mtu humo ndani anayejua mkwe wake amekunywa nini.